Siku Galgalo Alipokuwa Watu Watatu

Kendi, mratibu wetu, ndiye amenisukuma. Anasema wafanyakazi wapya wa kituo wanapewa kabrasha la sheria siku ya kwanza, na sheria zenyewe ni nzuri, lakini hakuna ukurasa unaosema ufanye nini profesa akifika na watu hawajaingia, au watu wakiingia na profesa bado amekwama Timau na pancha. Basi naandika. Mimi shule niliachia darasa la saba, na Kiswahili chetu cha Isiolo mnakijua, kinatembea na fimbo. Mkipata mahali nimekosea, rekebisheni na msiniambie.

Mbele yangu kuna madaftari kumi na moja. Tangu wiki ya kwanza nilikuwa naandika kila jioni mambo ya siku hiyo, si kwa sababu ya elimu, ni kwa sababu nasahau. Mahali kichwa changu na daftari wanagombana, nimefuata daftari, ingawa aliyeandika daftari ni mimi huyo huyo na simwamini sana.

Nilianza kama mpanga viti. Kituo wakati huo kilikuwa ofisi mbili na ukumbi wa mabati, na kazi yake ni hiyo hiyo mpaka leo: chuo kikuu kinatuma mtu wake mara moja kwa mwezi kutoa mhadhara wa wazi, anaingia anayetaka, na katikati kuna kozi fupi za wale wanaotaka cheti. Sijawahi kuwa ndani ya chuo kikuu hata kwa kupotea njia, kwa hivyo siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya Idi. Bwana Mutuma, mratibu wetu wa kwanza, Mmeru mmoja wa sauti ya polepole, alivitazama kwa heshima.

"Mama Safia, hivyo viatu ni vya kuhutubia," akasema. "Sisi tunabeba viti."

Kesho yake nikaja na malapa.

Mhadhara wa kwanza ulikuwa juu ya mvua na malisho. Tangazo lilisema saa nane. Saa nane profesa alikuwa amesimama ndani peke yake na karatasi zake, na nje kulikuwa na watu kama arobaini wakisalimiana. Nikaona kazi imenishinda siku ya kwanza. Nikatoka kuwasukuma waingie. Mzee mmoja wa Kiborana akaniangalia kutoka juu mpaka kwenye malapa.

"Msichana, hatujaulizana habari. Huyu ametoka Garbatulla, huyu ametoka Gotu. Unataka tuingie kimya kama mbuzi?"

Nilikuwa na miaka arobaini kasoro. Hiyo "msichana" ilinifurahisha, nikawaacha. Nikarudi kumwambia Bwana Mutuma kwamba watu wamekataa. Akasema hawajakataa, wameshaanza, ni sisi ndio tumechelewa kujua. Tangu siku hiyo tuliandika saa saba kwenye matangazo ya saa nane, na kwa haki ya Mungu lazima niseme kuna siku moja watu wote walifika saa saba kamili na tukaaibika sisi.

Profesa mwenyewe alikuwa mtu mzuri. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alitaka kuwajua wasikilizaji, akasema, "Wenye ng'ombe zaidi ya hamsini, inueni mikono." Hakuna mkono. "Zaidi ya ishirini?" Hakuna. "Hata mmoja?" Ukumbi mzima ukatazama mabati. Akaandika kitu kwenye karatasi.

"Ameandika Isiolo hakuna ng'ombe," Bwana Mutuma akaninong'oneza. Na ilikuwa siku ya soko la mifugo, mlio wa ng'ombe unaingia mpaka ndani.

Kwetu mtu haulizwi hesabu ya mifugo yake, tena mbele za watu. Profesa alipokuwa anatoka aliniuliza kwa upole wanachoishi nacho hawa watu ni nini, nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Aliporudi mwaka uliofuata aliuliza tu kama ng'ombe hawajambo, na wazee wakajibu pamoja kwamba hawajambo.

Vifaa vyetu havikuwa vingi. Projekta ilikaa ndani ya shuka langu la zamani, kwa sababu mkoba wake haukuzuia vumbi na shuka lilizuia. Waya wa umeme mrefu ulikuwa na mahali pamoja pa kushika kwa kiatu ndipo moto uingie, na hiyo ilikuwa kazi yangu, nilisikiliza mihadhara mingi nikiwa nimesimama mguu mmoja juu ya waya. Mabango hatukubandika sana. Bwana Mutuma alinifundisha kwenda asubuhi kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, niwaambie siku na saa na jambo lenyewe. Mitungi ikirudi mitupu kwenye lori, habari inarudi nayo, na inafika mahali ambapo bango lingeliwa na mbuzi.

Alinifundisha pia dawa ya swali refu. Mnajua wazee wetu: anasimama kuuliza swali, anaanza na baba yake. Bwana Mutuma alikuwa ananifanyia ishara, nami nampelekea mwenye swali kikombe cha chai ya moto. Mtu aliyeshika chai ya moto hahutubii muda mrefu. Sijui kama ilikuwa haki. Daftari linasema wazee wawili waliungua ulimi, na mmoja wao alikuwa na swali zuri.

Bwana Mutuma alipostaafu akarudi kwao kufuga kuku, rejista ya mahudhurio ikabaki mkononi mwangu. Walishaniongezea kazi kidogo kidogo mpaka ikawa naitwa Mama Rejista, na niliona fahari, nisidanganye. Kisha akaja Kendi, mratibu mpya, msichana wa digrii mbili na miguu ya haraka. Wiki ya kwanza alibandika mabango themanini. Sitasema yaliliwa na nini.

Sasa nafika kwa jambo lenyewe ambalo Kendi anataka liandikwe, na ambalo mimi ningeruka kama angeniruhusu.

Ilikuwa kozi ya afya ya mifugo, Jumanne sita. Mwalimu alikuwa Daktari Nafula, daktari wa mifugo kutoka kampasi kuu, mama mmoja mkali wa macho na mwepesi wa mikono, aliyekuwa anatoka huko alfajiri na kufika na vumbi kwenye nyusi. Waliojiandikisha walikuwa ishirini na wawili. Kulikuwa na sababu watu walikuja wengi. Kule Kinna kikundi cha wafugaji kilikuwa kimepata sanduku la dawa za mifugo, kubwa, lenye kufuli, na masharti yalikuwa kwamba litashikwa na mtu mwenye cheti. Wasipompata mtu msimu huo, sanduku linapelekwa Garbatulla. Kabla ya hapo walikuwa wananunua dawa kwa kubahatisha, mtu anadunga mbuzi kwa kuangalia rangi ya chupa.

Jumanne ya kwanza alikuja mwanamume anaitwa Galgalo. Nikaandika: Galgalo, Kinna. Nikatia alama.

Jumanne ya pili akaja mwanamke mrefu, daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. "Salaam aleikum, Mama. Nimetoka kwa Galgalo," akasema. "Yeye yuko na ng'ombe." Huyo ni Qabale, mke wake. Nikatia alama kwa Galgalo.

Jumanne ya tatu akashuka kwenye lori bibi mwenye fimbo. "Nimetoka kwa Galgalo." Huyo ni mama yake Galgalo, Akko Dhaki, na akko kwa Kiborana ni bibi, kwa hivyo sisi wote tulimwita Akko hata mimi niliyemkaribia umri. Nikamtafutia kiti cha mbele. Nikatia alama.

Jumanne ya nne akarudi Galgalo, ya tano Qabale, na alama ni ile ile. Nataka mnielewe, kwa sababu Daktari Nafula ilimchukua muda. Mimi babu yangu alikuja Isiolo na jeshi la Waingereza, sisi ni watu wa mjini na malori, lakini nimezaliwa hapa na naijua zamu ya kisima. Siku yenu ya maji ni siku ya nyumba. Leo baba anavuta maji, wiki ijayo mke, wiki nyingine mjomba, na hakuna mtu anayesimama kisimani kuuliza jana ulikuwa wewe au nani. Nyumba imefika, nyumba imepata. Watu wa Kinna wana ng'ombe, wana mbuzi, na wengine wana kipande cha shamba la kunyunyizia maji, hawawezi kumtoa mtu yule yule kila Jumanne. Kwa hivyo waligawana. Nami nikaona wamegawana vizuri, hakuna nyumba iliyokosa hata siku moja, nikajivunia rejista yangu ilivyojaa alama.

Chini ya fomu kulikuwa na mstari wa Kizungu unaosema cheti ni cha mtu aliyehudhuria siku tano kati ya sita yeye mwenyewe. Nilikuwa nimeusoma. Nilifika katikati.

Jumanne ya sita ilikuwa ya mtihani na pilau. Kwa sababu ya pilau, nyumba zilikuja nzima nzima. Daktari Nafula akasimama mbele na rejista yangu, mbuzi wa mtihani amefungwa nje, akaita, "Galgalo, Kinna."

Wakasimama watatu.

"Nimeita Galgalo."

"Ndiyo," akasema Galgalo.

"Ndiyo," akasema Akko Dhaki, akiegemea fimbo.

"Galgalo ni nani?"

"Ni sisi," akasema Qabale, kama mtu anayejibu swali rahisi.

Daktari aliwatazama, akatazama rejista, akageuka akanitazama mimi. Akaita jina linalofuata. Wakasimama wawili. Linalofuata, wanne, mmoja ananyonyesha. Alipomaliza ukumbi ulikuwa umesimama karibu wote, na katika majina ishirini na mawili, tisa yalikuwa nyumba.

"Mama Safia," akasema, "njoo ofisini. Kuja na Kendi."

Ofisini hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alieleza kwamba sahihi kwenye cheti ni yake, na mtu akidunga dawa vibaya, mbuzi afe au mtu anywe maziwa yenye dawa, ni yeye atakayeulizwa. Kwa maneno hayo alikuwa na haki na nilimwambia hivyo.

Kendi, usikasirike, naandika ulivyosema. Ulisema, "Daktari, rejista inasema Galgalo yuko na sita juu ya sita. Tumpe Galgalo cheti, waende kwao wakajipange. Nani atajua?"

Ulisema kwa kuwahurumia, hilo naandika pia. Na ilikuwa kweli, hakuna ambaye angejua. Karatasi ilikuwa safi. Shida ni kwamba mtu aliyekuwa anataka kushika sanduku hakuwa Galgalo. Alikuwa Qabale. Galgalo mwenyewe alisema tangu siku ya kwanza, anachekesha wenzake, kwamba akiona sindano anakaa chini. Cheti kikitoka kwa jina lake, sanduku ni lake kwa sheria, na mkono unaodunga hauna karatasi. Siku mambo yakiharibika, Qabale ndiye atakayekuwa mtu aliyeshika dawa bila ruhusa.

Halafu kulikuwa na hili ambalo hawakulijua wao. Nyumbani nilikuwa na daftari langu mwenyewe, na ndani yake kila Jumanne nilikuwa nimeandika nani alikuja kwa mwili. "Leo amekuja yule bibi wa Kinna, amelala kidogo kabla ya chai." Hivyo hivyo, nyumba zote tisa.

Nilikaa pale nikiangalia malapa yangu. Nikitoa daftari, Qabale ana siku tatu tu, hana cheti, na sanduku linaenda Garbatulla kwa sababu yangu. Nisipotoa, nimeandika uongo mara moja kwa ujinga na sasa naandika tena kwa akili. Sikuwa jasiri. Nilisema naenda kuangalia pilau. Nikatoka, nikapita pilau, nikaenda mpaka nyumbani na kurudi na daftari chini ya buibui, na njiani niligeuka mara mbili.

Daktari Nafula alisoma kurasa zote sita akiwa amesimama. Alipofika kwa bibi anayelala, nikaona mdomo unataka kucheka lakini akaukataza.

"Mtihani tunafanya," akasema. "Kila nyumba itoe mtu mmoja. Nataka nione wanajua nini. Cheti tutaongea baadaye."

Kwa hivyo tukatoka nje. Nyumba ya Galgalo ilimtoa Qabale bila kuulizana. Alifunga leso kiunoni, akamshika mbuzi, akamwangalia macho, ufizi, akainua mkia, akaeleza anachoona. Sehemu nyingine alieleza kwa namna iliyotushangaza wote.

"Kabla ya kudunga, safisha mikono kwa sabuni, hata kama una haraka, hata kama mwenye mbuzi anakupigia kelele," akasema, kisha akakohoa mara mbili, akaendelea, "maanake mikono ndiyo inayobeba ugonjwa kutoka boma hadi boma."

"Una kikohozi?" Daktari akauliza.

"Hapana, Daktari. Ni wewe ulikohoa hapo. Siku ya tatu."

Siku ya tatu alikuwa amekuja Akko Dhaki. Mnajua wenyewe watu wa huko wakitumwa habari: hawaleti maana yake, wanaleta habari yenyewe, nzima, tangu "salaam aleikum" mpaka "basi." Akko Dhaki hajui kusoma. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, amesinzia kidogo kabla ya chai, na jioni amerudi Kinna akamshushia mkwe wake somo lote, pamoja na kikohozi.

"Na mzaha niliotoa siku hiyo, wa fahali wa Bungoma?" Daktari akauliza, sauti imebadilika.

"Akko ameuleta," akasema Qabale, "lakini hakuuona unachekesha."

"Mpaka leo," akasema Akko Dhaki kutoka kwenye kiti chake.

Kisha likaja swali la dawa. Daktari alimpa chupa ndogo ya sindano ya minyoo na kupe, akamwambia mbuzi huyu ni kilo ishirini na tano, pima kipimo chake. Qabale akachukua bomba la sindano, akalitia kwenye chupa, akaanza kuvuta. Akasimama. Akageuza chupa, akasoma maandishi madogo, akakunja uso. Akarudisha dawa yote ndani.

"Endelea," akasema Daktari.

"Siendelei."

"Kwa nini?"

"Maneno yaliyofika nyumbani yanasema mililita moja kwa kila kilo kumi. Chupa inasema mililita moja kwa kila kilo hamsini. Mmoja wenu anaua huyu mbuzi, na mimi sijui ni nani."

Watu wakageuka kumwangalia Akko Dhaki. Akko akainua fimbo.

"Msiniangalie mimi! Nimebeba nilichopewa. Alikuwa ameshika chupa mbili, hii na ile kubwa, akasema kilo kumi. Nilikuwa nimeamka saa hiyo."

Daktari Nafula akaichukua chupa, akasoma maandishi madogo mwenyewe. Mimi nakumbuka siku ile ya tatu. Alikuwa amefika amechoka, gari limemlaza njiani, na ni kweli alishika chupa mbili. Watu kumi na wanane walikuwa darasani wanajua kusoma, na hakuna aliyeuliza. Mimi pia nilikuwapo, juu ya waya.

"Ni mimi," akasema Daktari mbele ya wote. "Nilitaja kipimo cha chupa kubwa, ile ya dawa ya kunywesha. Chupa ndiyo sahihi. Huyu mbuzi ni nusu mililita."

Qabale akapima nusu mililita, akadunga, mbuzi akalia akanyamaza. Galgalo alikuwa amekaa chini.

Kama ningekuwa naandika hadithi, hapa ndipo Qabale angepewa cheti na tukale pilau. Daktari alimwita ofisini, mimi nipo.

"Umepita kuliko wote," akamwambia. "Lakini cheti kinasema umehudhuria siku tano, na wewe una tatu. Nikiandika tano nitakuwa nimefanya kosa la Mama Safia, na mimi nikijua. Kozi inarudi baada ya miezi mitatu. Njoo umalize siku zinazobaki."

Qabale alifunga daftari lake. Alinigeukia mimi.

"Mama Safia, kama mlikuwa mnataka mtu mmoja, kwa nini hukusema Jumanne ya kwanza? Ningekuja mimi. Ningekuja kwa miguu."

Nilisema tu kwamba kosa ni langu. "Langu halisaidii," akasema. "Ijumaa kikundi kinakaa kikao cha sanduku. Miezi mitatu hawangoji."

Ijumaa nikaenda Kinna. Nilipanda lori pamoja na akina mama wa maziwa, nikakaa juu ya magunia, nikafika baada ya swala, kiuno hakipo. Sikuwa nimetumwa na kituo, Kendi alifikiri niko kliniki. Kikao kilikuwa cha wanaume zaidi, lakini waliniruhusu kusema kwa sababu nilikuwa nimetoka mbali. Nikawaambia ilivyokuwa: kwamba nyumba ya Galgalo haikudanganya mtu, kwamba Qabale alipita mtihani wa kushika sindano, kwamba aliyesoma masharti nusu ni mimi.

Mwenyekiti, mzee mmoja wa kofia iliyofumwa, alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo katika kozi nzima," akasema, "aliyeanguka ni mwenye rejista."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe cheti unacho?"

"Sina."

"Alhamdulillahi," akasema, na kikao kizima kikacheka, nami nikacheka kwa sababu ningefanya nini.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Wengine walisema sanduku liende Garbatulla na mambo yaishe. Mmoja alisema mtu aliyekataa kudunga mbuzi kwa sababu ya maandishi madogo ni mwoga. Hapo Akko Dhaki, aliyekuwa amekaa nje na akina mama, akaongea kupitia dirishani.

"Mwoga? Nenda kwa yule asiyeogopa, akudungie wako."

Hilo ndilo liliwageuza, naona. Wakaandika barua ya kuomba muda kwa waliotoa sanduku, wakakubaliwa. Sanduku likafungwa kwenye stoo, na ufunguo akapewa Akko Dhaki, kwa hoja kwamba hawezi kusoma chupa, kwa hivyo hatajaribiwa kuifungua.

Sitaki mfikiri miezi hiyo mitatu ilipita bure. Dawa zilikuwa pale nyuma ya kufuli na watu walipoteza mbuzi. Mtu mmoja alikuja mpaka kituoni kuniambia usoni kwamba alipoteza sita. Alinitajia hesabu yake, mbele za watu. Nilimpa kiti na chai; hakuwa na kosa.

Kozi iliporudi, nilisimama mlangoni Jumanne ya kwanza na kusema kwa Kiswahili, kwa Kiborana changu kilichovunjika, na kwa Kisomali, kwamba hapa anahesabiwa mtu na si nyumba. Akina mama wa maziwa walikuwa wameshalibeba tangazo hilo wiki mbili kabla. Daktari Nafula naye alisoma kila kipimo kutoka kwenye chupa, kwa sauti, na kumpa mtu wa mbele ahakikishe. Qabale alikuwa anadaiwa siku mbili tu. Alikuja zote sita.

"Hizi tatu ulishazipata," nikamwambia Jumanne ya pili.

"Nilizipata nikiwa na wasiwasi wa nyumbani," akasema. "Galgalo alikuwa ameachiwa watoto, nilikuwa nasikiliza kwa sikio moja. Sasa amezoea."

Siku ya vyeti ukumbi ulijaa. Daktari alikuwa na karatasi mkononi, akasoma, "Qabale Galgalo, Kinna."

Qabale hakusimama. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, kama anayengoja wengine wainuke naye. Akko Dhaki akamgusa mbavu kwa fimbo.

"Simama. Wamekuita wewe. Mimi magoti yananiuma."

Akaenda mbele peke yake. Alikipokea cheti kwa mikono miwili, na hakurudi kwenye kiti mara moja; alisimama pale pale akasoma kila neno, mpaka mstari mdogo wa chini, na Daktari akangoja.

"Galgalo yuko wapi leo?" akamuuliza alipomaliza.

"Yuko na mbuzi. Ni zamu yake."

Akko Dhaki alikuwa ameshafungua pindo la leso yake. Akatoa ufunguo, akampa alipopita, bila hotuba. Qabale hakungoja chakula, maanake asubuhi mtu alikuwa amepiga simu kutoka Kinna juu ya ngamia aliyekataa kuinuka, na lori lilikuwa linaondoka saa saba. Nikawafungia pilau yao kwenye karatasi, nikakimbia nayo mpaka barabarani. Qabale alikuwa ameshapanda, cheti ndani ya mfuko wa plastiki, anamwambia dereva awashe. Akanyoosha mkono kupokea pilau, lakini Akko alikuwa karibu zaidi.